Nilivyohamia kwa Waganda

Miaka ile Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yetu ya mapumziko, na sisi Watanzania wa maghalani tulicheza mpira mchangani Rashidiya, kule Uarabuni. Mimi nilikuwa mtu wa benchi. Jezi yangu ilirudi chumbani kavu.

Siku moja nahodha wetu akaniambia, "Kaka, umehamia timu ya wale Waganda walinzi wa majengo. Tumeshaelewana, khalas." Nikamuuliza sisi tumepata mchezaji gani. Akasema hakuna. Yaani nimetolewa bure, kama kochi lililoachwa kando ya jalala. Nilinuna wiki nzima.

Waganda walinipanga beki wa kushoto tangu mechi ya kwanza, na baadaye tukala matoke sinia moja. Magoli yao yalikuwa na nyavu mpya. Nikajisemea, hawa angalau wana nahodha anayejali timu, si yule bahili wetu aliyetuachia magoli matupu.

Mwaka uliofuata nahodha wao alinieleza ukweli. "Wewe tulikukataa, ssebo. Nahodha wenu akarudi na nyavu alizonunua mwenyewe, akasema tuzichukue pamoja na wewe, mradi upewe namba."

Nilimpigia simu bahili wangu palepale kumshukuru. Hakutaka maneno mengi. Aliuliza tu, "Bado wanakupa namba?"