Gundi na Ujumbe wa Moyo

Kazini walimwita Gundi, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa karani wa malalamiko katika ofisi ya maji, ghorofa ya chini, na akishakalia kiti chake asubuhi habanduki mpaka jioni. Bomba likipasuka barabarani, mita ikisoma uongo, mtu akifungua maji asubuhi akapata hewa tupu, yote yaliingia masikioni mwa Gundi, yakashukia vidoleni, yakaishia kwenye kompyuta. Alikula mezani, akapiga soga mezani. Siku moja moshi ulijaa katika chumba cha chai, wenzake wote wakatoka mbio, yeye akabaki anauliza kama ni moto kweli au ni mazoezi.

Watu walicheka, na yeye alicheka nao, lakini nyuma ya mzaha huo alikaa mtu mwoga. Baba yake naye alikuwa karani, mtu wa kukaa, na mchana mmoja aliinama kuokota kalamu iliyoanguka chini ya meza, hakuinuka tena. Moyo, walisema madaktari. Gundi sasa alikuwa amebakiza mwaka mmoja kuufikia umri ule wa baba yake. Hakumwambia mtu, hata mkewe, ila hakuna siku iliyopita bila kuliwaza jambo hilo.

Ndipo ofisi ikaleta saa za afya. Meneja wao, mama mmoja mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na upole hata kidogo, aliwakusanya akawagawia saa za mpira za kuvaa mkononi, pamoja na programu ya kuweka kwenye simu. Saa ingehesabu hatua na kusikiliza mapigo ya moyo, simu ingepokea habari hizo na kumshauri mwenyewe. Nia ilikuwa njema, tena njema sana, maana pale ofisini nusu ya watu walikuwa wanalalamika mgongo na nusu nyingine walikuwa wanameza dawa za presha kwa kificho. Tabu ni kwamba programu ilikuwa na mdomo. Ukikaa, inakuambia umekaa mno, inuka. Ukiinuka, inakuuliza mbona hutembei. Haikupita wiki wakaibatiza Mama Mkwe, na asubuhi ukifika ungesikia mtu anamwambia mwenzake, "Leo Mama Mkwe kaamka vibaya, nimeoga tu kashaanza kunisema."

Mama Mkwe wangemvumilia. Kilichowanyima raha ni skrini iliyotundikwa karibu na mlango, yenye majina ya wote: waliotembea sana kwa rangi ya kijani, wa wastani kwa njano, na wavivu kwa nyekundu. Habari za moyo wa mtu zilibaki kwenye simu yake, lakini hatua zilianikwa pale kila mgeni azione. Meneja alisema rangi zile ni za kutiana hamasa tu. Nani angemwamini? Kulikuwa na minong'ono kwamba ofisi itapunguza watu mwisho wa mwaka, na kila jicho lililopita kwenye skrini lilitafuta jina lake katika wekundu. Jina la Gundi lilikuwa jekundu tangu siku ya kwanza, jekundu kama nyanya iliyoiva.

Aliyeleta ujanja ni Tai, karani wa meza ya jirani, waliyemwita hivyo kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai shingoni hata jua likichoma namna gani. Ofisi ilikuwa na tarishi, mama wa makamo, ambaye wote walimwita Lifti. Lifti ya jengo ilikufa zamani, na aliyebaki kupandisha na kushusha mafaili kwenye ghorofa zote tano alikuwa yeye.

"Mama, wewe unatembea bure tu," Tai alimwambia. "Si utembee na saa zetu?"

Lifti alicheka mpaka mafaili yakataka kumponyoka. "Kwani zinakula?" akasema, akanyoosha mkono.

Akavaa ya Tai. Akavaa na ya Shangazi, karani mkubwa kuliko wote, mwanamke wa kicheko kinachosikika mpaka getini. Gundi alisitasita nusu siku, kisha akavua yake akampa. Lifti alizificha zote tatu chini ya mikono ya sweta, na aliyemuuliza mbona anavaa sweta kwenye joto alijibiwa kuwa ana homa ya zamani. Asubuhi wanamkabidhi, jioni anawarudishia, na saa zikishakuwa karibu na simu zao zinamwaga kila kitu zilichokusanya kutwa nzima. Gundi akahama wekundu, akapita njano, akatua kijani. Meneja akamsimamisha mbele ya watu aeleze siri yake. Gundi, jasho likimtoka, akasema siri ni kupanda ngazi.

Jioni moja alikuwa nyumbani, viatu ameshavua, saa iko mkononi mwake, simu ikalia. Alidhani ni mkewe anamwita kutoka dukani kwake alikokuwa anashona. Ulikuwa ujumbe wa Mama Mkwe, na safari hii hakuwa na gubu. "Mapigo ya moyo wako hayaendi sawasawa. Tafadhali muone daktari mapema."

Akaweka vidole shingoni, akasikiliza. Mara aliona moyo unakimbia, mara aliona umesimama, na kila alivyozidi kusikiliza ndivyo ulivyozidi kumchanganya. Akakaa palepale kitandani bila kuthubutu kusogea. Kwamba saa ile ilishinda kutwa nzima mkononi mwa mtu mwingine, wala halikumpitia akilini. Ujumbe umekuja kwenye simu yake, umesema moyo wako, na baba yake alikufa kwa moyo. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Jioni ya pili ujumbe ukarudi. Ya tatu vilevile. Mtu mwingine angekimbilia hospitali, lakini Gundi aliogopa hospitali kuliko alivyoogopa ugonjwa, kwa sababu hospitali wangemthibitishia. Akawa anatembea taratibu, ananyanyua kijiko taratibu. Kitu kikianguka hakiinamii, anaita mtoto aje kuokota.

"Baba watoto, una nini?" mkewe alimuuliza. "Unatembea kama umebeba mayai."

"Mgongo tu."

Lakini Jumapili alimchukua mkewe nyuma ya nyumba akamwonyesha bomba kuu la maji linafungwaje, na likivuja afanye nini. Kisha akamwonyesha pasi inavyokorofisha na pa kuigonga ipate moto. Akamtajia mafundi wa kweli na matapeli. Mwanamke alimsikiliza mpaka katikati, akamshika mkono.

"Unanionyesha mimi ili iweje? Wewe unakwenda wapi?"

Gundi akaligeukia bomba, akalikaza tena pale lilipokuwa limeshakazwa. Mkewe alimtazama usoni, naye akaingiwa na hofu asiyoijua jina, akaacha kuuliza. Siku ile walikula chakula cha mchana kimya, na watoto wakapunguza sauti bila kuambiwa.

Jumatatu kazini simu za wateja zilimiminika, Gundi akawa anaandika malalamiko ya watu huku amesikiliza kifua chake. Ilipofika zamu ya chai aligeuka kumwomba Tai sukari. Tai hakuwa na tai. Shati lake lilikuwa wazi kifungo cha juu, na vidole vyake viwili vilikuwa vimekandamiza shingo, midomo inahesabu.

Gundi aliujua mkao ule, maana ulikuwa wake.

"Na wewe?" akanong'ona.

Tai alishtuka kama kafumaniwa. "Na mimi nini?"

"Moyo."

Shangazi, aliyekuwa meza ya mbele na ambaye kicheko chake hakikuwa kimesikika siku kadhaa, akageuka na kiti chake pole pole. Uso ulikuwa umemsawajika. "Jamani," akasema, "msiniambie na nyie mmeletewa." Akatoa simu. Tai akatoa yake. Gundi akatoa yake. Wakaziweka juu ya meza. Ujumbe ni uleule, jioni ni zilezile.

Shangazi akapasuka kwa kicheko hadi wateja wa dirishani wakachungulia. "Mashine mbovu! Wiki nzima nanywa chai bila sukari kwa ajili ya mashine mbovu! Nimeshamsamehe hadi wifi yangu!" Tai akaitoa tai yake mfukoni, akaanza kuifunga. Gundi alicheka machozi yakamtoka. Kifua chake kilichokuwa kimebana siku zote zile kikafunguka. Hafi. Ataendelea kugombana na ile pasi mwenyewe.

Kicheko cha Shangazi ndicho kilichokatika kwanza.

"Ngojeni," akasema. "Moyo mmoja kwa saa tatu. Hizi saa mchana zinavaliwa na nani?"

Wote watatu walitazama kule kwenye ngazi.

Na hapa lazima isemwe kitu ambacho Gundi hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Hofu kwa ajili ya Lifti haikuwa ya kwanza kufika. Ilitanguliwa na shukrani. Si mimi, moyo wake ulisema, si mimi, ni yule, na alishukuru kwa dhati kabisa kama mtu aliyepewa zawadi. Ndipo akajisikia alivyoshukuru, na akaingiwa na woga wa namna nyingine, wa kujiogopa mwenyewe.

"Tumvue saa zetu taratibu," Tai alisema kwa sauti ya chini, "kisha mmoja wetu amshauri tu aende hospitali. Kama ushauri. Hili likifika kwa meneja, sisi watatu ndio wa kwanza kutolewa."

"Yuko wapi sasa hivi?" Gundi aliuliza.

"Juu. Anapandisha mafaili ya mafundi tangu asubuhi."

"Ameshuka?"

Wakatazamana. Gundi aliinuka kwa ghafla, kiti kikaenda kugonga ukuta, na wateja pale dirishani walimwona yule karani ambaye hawakuwahi kuona miguu yake akikimbilia ngazi.

Alimkuta baada ya ghorofa ya tatu. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, mafaili mapajani, mkono mmoja ndani ya sweta anasugua kifua. Midomo yake ilikuwa imepoteza rangi. Alipomwona Gundi alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia.

"Nimekaa kidogo tu, kaka," akasema. "Usiniseme kwa wenzako. Najua leo sijawatembelea vya kutosha. Nitafidia mchana."

Gundi alipiga magoti mbele yake. Akampandisha mikono ya sweta, akazivua saa moja baada ya nyingine, na kwenye ngozi ya yule mama palikuwa na alama za mpira zilizozama. Akaweka vidole kwenye kifundo cha mkono wake. Alikuwa amekaa siku ngapi anautafuta moyo huo shingoni kwake! Sasa aliupata. Ulidunda mara mbili kwa haraka, ukanyamaza, akangoja, akangoja tena, na pale ambapo alikuwa karibu kupiga ukelele ukadunda.

"Lifti, usiinuke. Unanisikia? Usiinuke."

"Na mafaili?"

"Achana na mafaili!"

Alimbeba. Yeye mtu wa kiti, tumbo mbele, alimbeba mgongoni ghorofa baada ya ghorofa, anahema kwa nguvu, akihofia kila ngazi kwamba atateleza au kwamba mzigo wake utazidi kuwa mzito kwa namna ile ambayo hakutaka kuiwaza. Chini kabisa, mbele ya ile skrini, walikutana na meneja. Aliona mtu na mgonjwa wake, akaona saa tatu zinaning'inia kwenye vidole vya Gundi.

"Hizo ni za nani?"

"Hii ni yangu," Gundi alisema. Hakutaja nyingine. Shangazi alijitokeza nyuma yake akachukua ya kwake bila kuulizwa, na Tai, baada ya kuhema mara moja, akachukua ya kwake. Meneja aliwatazama mmoja mmoja, akageuka kumwita dereva wake alete gari mlangoni.

Hospitalini walimlaza Lifti kwenye kitanda cha magurudumu, wakambandika nyaya kifuani, wakavuta pazia. Gundi alisimama upande wa pili. Kila sauti iliyotoka mle ndani ilimkata maini: kiatu cha nesi, chombo kilichoanguka, kile kimya kirefu. Alimsikia daktari akiuliza maumivu yalianza lini.

"Tangu mwezi uliopita," sauti ya Lifti ilijibu kwa tabu. "Nikipumzika yanapoa."

"Sasa mbona hukupumzika, mama?"

"Ningepumzikaje, na wenzangu wananitegemea?"

Pazia likafunguliwa. Daktari alikuwa mwanamke mwenye haraka, macho yamechoka. Alisema moyo wa mama huyu hauendi vizuri, kwamba atalazwa na kuanza dawa sasa hivi, kwamba wamewahi kwa bahati, na usiku huu ndio utakaosema. Alihitaji mtu wa kumjulisha hali ikibadilika.

"Wewe ni nani wake?" aliuliza.

Gundi alitafuta neno. Si ndugu yake, si jirani yake. Hakujua hata jina lake la kweli, wala anapoishi, wala kama ana watoto wa kupigiwa simu. Daktari alikuwa anamsubiri.

"Mimi," akasema, "ndiye niliyekuwa namtembeza."