Kigingi Katikati ya Ulezi

Siku ya mkutano, mkono wangu ndio uliotangulia kupanda. Kijiji chetu, huku Ringwani, kilikuwa kinaamua kuacha ukanda wa ardhi kando ya korongo uwe wa wanyama, asilime mtu, ili tembo wapite huko waache kukatiza mashambani. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya ardhi, na nilisema kwa sauti kwamba mstari ukishapimwa hautapindishwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Wapimaji walipokuja, mstari ukapita katikati ya shamba langu la ulezi, wakachomeka kigingi cha mpaka papo hapo.

Watu walicheka. Na mimi ningecheka kama lingekuwa shamba la jirani. Nusu nzuri, yenye udongo mweusi, ndiyo iliyoangukia upande wa wanyama. Shamba hilo nilipewa na mama mkwe nilipoolewa. Alilifyeka kwa mikono yake akiwa amembeba tumboni mume wangu, ambaye sasa ni marehemu. Nilipokwenda kumweleza, hakuitikia hata shikamoo yangu.

"Shamba langu umewapa tembo," alisema. "Basi usiniletee ulezi wa sokoni. Nitakaa bila uji."

Tangu nimfahamu, hajawahi kuianza siku bila uji wa ulezi. Niliumia sana, ila sikurudi kwa wapimaji.

Wiki hiyohiyo nikakuta kigingi kimeng'olewa na kuchomekwa chini kabisa, karibu na korongo. Shamba lote lilikuwa limerudi kwangu. Nyayo za gambuti za shemeji, mdogo wa marehemu, zilikuwa zimejaa pale, wala hakujisumbua kuzifuta. Nilipandwa na hasira. Nilikibeba kigingi begani, nikakirudisha mahali pake na kukishindilia kwa jiwe. Shemeji akaja mbio.

"Shemeji, sisi tunakusaidia, wewe unakataa?"

"Kikisogea changu leo, kesho kila mtu atasogeza chake. Tembo wapite wapi? Jikoni kwako?"

Alisonya, akaondoka.

Nilibaki na kazi moja: kumpatia mama mkwe ulezi usio wa sokoni. Ile nusu iliyobaki ilikuwa changarawe tupu. Nyuma ya nyumba yangu kulikuwa na boma la zamani, walipokuwa wakilala ng'ombe wa marehemu. Samadi ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama sakafu. Nililima kwa jembe la mkono mpaka viganja vikachubuka, nikapanda mbegu niliyokuwa nimeiweka kutoka shamba lile. Magugu ya kwenye samadi hayana adabu, unapalilia leo, keshokutwa yamerudi. Nilipalilia mara nne.

Nilipovuna nilipata debe moja na kidogo. Nikalibeba mpaka kwa mama mkwe, nikalitua mlangoni. Alichota punje, akatafuna taratibu.

"Huu si wa sokoni."

"Ni mbegu yako, mama. Nimeipanda kwenye boma la mwanao."

Alichota punje nyingine.

"Kile kigingi," alisema hatimaye, "mimi ndiye niliyemtuma shemeji yako akaking'oe."

Niliketi kizingitini, kando ya debe.

"Bado kipo?" aliuliza.

"Kipo, mama."

"Nimeshamwambia akikigusa tena atanitambua." Akalivuta debe ndani. "Haya, ingia. Uji huu tutakunywa wote."