Dago Halina Kaya

Nilikuwa mjumbe wa kamati ya maafa ya kata yetu, upande wa Saadani, kwa sababu nilisoma hadi kidato cha nne na sikuogopa kusimama mbele ya watu. Tukapata fedha za king'ora kimoja cha kutahadharisha mafuriko. Kijiji kilikitaka. Dago nalo, ile kambi ya wavuvi kwenye mdomo wa mto, lilikihitaji.

Bwana mipango kutoka wilayani akauliza, "Kule dago kuna kaya ngapi?"

"Dago halina kaya," nikajibu. "Watu wanafuata samaki, kisha wanarudi makwao."

"Kaya gani, wanaume watupu na kobazi zao!" mmoja wetu akadakia. Tukacheka, na mimi nikiwemo. Gharama ikagawanywa kwa idadi ya kaya, kijiji kikashinda, king'ora kikafungwa msikitini, karibu na mlango wangu.

Sikusema uwongo. Hilo ndilo linalonichanganya. Mdogo wangu wa kike, mjane, alikuwa akikaanga samaki dagoni karibu mwaka mzima, lakini alihesabiwa katika kaya yangu. Kwa hesabu zile, king'ora kilimlinda.

Mto ulipofurika, king'ora kililia na sisi wa kijijini tukakimbilia shuleni, juu. Upepo ulikuwa wa kutoka baharini, ukairudisha sauti bara. Dagoni hakuna aliyesikia. Mdogo wangu aliopolewa kwenye mikoko akiwa hai. Mwenzake aliyekuwa akikaanga naye, mgeni kutoka mbali, hakuonekana tena.

Alipopata nguvu akaniuliza, "Kaka, mwenzangu alikuwa kaya ya nani?"

Niliharakisha kumjibu bwana mipango siku ile, kosa ni langu. Lakini kila nikikihamisha king'ora kichwani mwangu, nikakipeleka dagoni, naona watoto wa kijijini wamelala na maji yanaingia. Nakirudisha. Namwona yule mgeni.

Juzi kamati mpya iliniita. Kuna king'ora cha pili, na vijiji vingine navyo vinakitaka.

"Shikamoo, mzee. Dagoni tuandike nani?" kijana wao mmoja akauliza.

"Marahaba. Mwandikeni mdogo wangu."

Kijana akapekua karatasi. "Huyu si yuko kwako?"

"Yuko kwangu. Na yuko kule."

"Mzee wangu, hatuwezi kumhesabu mara mbili. Tumfute wapi?"

Nikatoka nje, alikokuwa ameketi mdogo wangu na beseni lake la samaki, nikamwomba aingie ajibu mwenyewe.