Mikono ya Fundi wa Springi

Fundi yule wa pembezoni mwa mji wa Niš hakuwahi kuanza kazi bila kulipapasa gari kwa kiganja, kama mtu anayemtuliza farasi, na sauti yake ilijaa karakana nzima. Siku hiyo alikuwa akibadilisha springi zilizochoka za gari la michezo la mteja wake, Vukosava, pamoja na matairi yake, yale magumu yanayotembea hata yakitoboka. Kila nati aliikaza, akailegeza, akaikaza tena.

"Fundi, unaikaza au unaibembeleza?" Vukosava alimtania huku akitazama saa. "Wenzangu wako harusini wananisubiri!"

Fundi akacheka, spana ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Hapo ndipo Vukosava alipoona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikitetemeka. Mkewe fundi akatoka jikoni kwao akiwa na kandambili miguuni, akaichukua spana, akapiga magoti na kuanza kukaza. Fundi akamsimamia, akitoa amri kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Kaza! Hapo hapo, kaza!"

"Haya, mzee wangu," mkewe akaitikia kwa upole, ingawa nati ilikuwa imeshakazwa.

Vukosava akaukumbuka utani wake, akaona haya hadi masikio yakamwaka. Akageukia mlangoni, akajifanya anatazama mvua, ilhali nje jua lilikuwa kali.