Kuhamishwa kwa Bibi Harusi

Msusi hakuwa mtu wa kukaa mikono mitupu. Hata akienda kwa jirani, mazungumzo yakinoga, vidole vyake vilitafuta cha kushika: pindo la nguo, uzi uliochomoza kwenye kochi, nywele za mtoto wa mwenyeji. Wateja wake saluni walimtania kwamba siku akifa itabidi azikwe kafungwa mikono, la sivyo atasuka waombolezaji.

Kwa hiyo mwanawe wa kwanza alipozaliwa kabla ya wakati, mdogo wa kutosha kiganjani mwa babake, kilichomtesa kuliko yote ni kutomshika. Mtoto alilazwa ndani ya inkubeta, lile sanduku la kioo lenye joto, na mpira mwembamba puani. Kwa kuwa kila mara alifunikwa kitambaa cheupe cha wavu asiumizwe na taa, manesi wa wodi ile walimpa jina la Bibi Harusi. Ni nesi mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kukwaruza, aliyempa msusi kazi. Alimweleza kwamba watoto wa umri huu husahau kupumua. Mashine ikilia usipige kelele wala usikimbie. Ingiza mkono kwenye kidirisha, sugua unyayo kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka akumbuke.

Na Bibi Harusi alikumbuka, kila mara. Ikafika mahali mashine ikilia mkono wa msusi unakwenda wenyewe, kabla hata masikio hayajamaliza kusikia. Alimwambia mumewe, fundi bomba, kwamba tumbo lake lilishindwa kumaliza kazi, ila kidole kinaendelea nayo. Mumewe, ambaye hakujaliwa maneno, alimjibu akitunze basi kidole hicho, asikitumie kunyooshea watu.

Kisha tumbo la mtoto likavimba. Daktari akasema sehemu ya utumbo inaelekea kuoza, na pale hapakuwa na mpasuaji wa watoto wadogo namna ile. Ilibidi ahamishwe siku hiyo hiyo. Gari la wagonjwa lilijaa mitungi ya hewa, mashine na nesi, mama akakosa nafasi. Nesi mkuu alimkumbatia mlangoni akamwambia huko waendako wanajua kuliko wao. Msusi aliyachukia maneno hayo, maana yalikuwa ya kuaga. Wakafuata kwa pikapu ya fundi, mabomba yakigongana nyuma kwenye kila tuta.

Wodi ya hospitali ya pili ilikuwa pana, safi, baridi. Hakuna aliyemjua Bibi Harusi. Pale alikuwa mtoto wa kitanda cha dirishani. Fundi alijaribu kuwatajia jina lake la utani. Nesi mmoja kijana akatabasamu kwa adabu, akaendelea kufunga mirija. Wakati wa upasuaji walikalishwa ukumbini, kwenye viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, hivi kwamba mmoja akitikisa mguu wanatikisika wote.

"Akisahau kupumua, je?" msusi aliuliza.

"Watamkumbusha wao."

"Kwa kidole kipi?"



Mtoto alitoka akiwa hai, utumbo umepunguzwa, bomba jipya mdomoni, mashine ikimpumulia. Daktari aliwaambia amevuka, ila wasikimbilie kufurahi. Wakaruhusiwa kukaa kando yake. Hawajakaa sana, mashine ikalia. Mkono wa msusi ukaenda wenyewe. Ukafungua kidirisha cha inkubeta, ukaufikia unyayo, ukasugua.

Kumbe mlio wa pale haukuwa wa pumzi. Ilikuwa pampu ya dawa ya usingizi, ikisema dawa imekwisha. Mtoto, ambaye alipaswa kulala asitikisike hata ukope, akashtuka, akajikunja, bomba likachomoka mahali pake. Midomo ikageuka rangi ya majivu. Watu walikuja mbio, migongo ikaziba kila kitu, na msusi akajikuta kasimama ukutani, kidole bado kimenyooka mbele yake kama cha mtu anayeonyesha njia.

Bomba lilirudishwa, rangi nayo ikarudi. Nesi kijana hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu.

"Mama, huku hatumgusi. Ukisikia mlio tuachie sisi."

Fundi alijaribu kueleza kwamba ndivyo walivyofundishwa kule walikotoka.

"Kule ni kule, baba," alisema nesi, kwa upole.

Tangu hapo msusi aliketi ameikalia mikono yake. Mashine zililia, za kwake na za wenzake, naye hakugeuza hata shingo. Wifi yake alipokuja kutazama mtoto alimuuliza kama mikono iko likizo, kisha akaona uso wake, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Nyumbani hakukunja nguo, hakuchana nywele zake mwenyewe. Fundi ndiye aliyemchana, vibaya, kwa mikono iliyozoea spana, naye hakusema kwamba anaumia.

Utumbo haukupona. Daktari aliwaita wote wawili, akavuta kiti karibu mno, na kabla hajaanza walikwishajua. Hapakuwa na sehemu nyingine ya kukata.

Waliporudi kitandani, nesi kijana alikuwa amefungua kidirisha. "Sasa mguse, mama," alisema. "Mshike unavyopenda."

Msusi hakusogea. Siku zote alikuwa akiomba moyoni ruhusa ile, na sasa aliiona ilivyo. Maadamu alikatazwa, mtoto alikuwa mgonjwa wa kuponywa.

"Na mashine ikilia?"

"Tumeizima sauti."

Fundi alikwishageukia dirishani, mabega yakipanda na kushuka. Msusi akabaki anakitazama kidirisha kilichoachwa wazi. Joto la ndani lilikuwa likitoka, likipotea ndani ya wodi ile kubwa.

"Atapata baridi," alisema. Na kwa sababu hiyo tu, alichomoa mkono chini ya paja, akauingiza kuuziba upenyo.