Njia ya Nyati Chini ya Mpunga Wangu

Bonde letu la mpunga liko ndani kidogo kutoka pwani, upande wa kwenda Namoto, mpakani. Mama yangu aliniambia kwamba alipokuwa mwari, nyasi za kule zilikuwa fupi, mtoto akikaa chini unamwona. Nyati ndio waliokuwa wakizila. Zikaja bunduki za vita, nyati wakaliwa mpaka wa mwisho, nyasi zikabaki hazina mwenyewe. Mimi nimelikuta bonde nyasi zimesimama kama ukuta. Humo analala nguruwe mwitu anayekula mpunga wangu, na kila kiangazi humo hutoka moto. Moto huo umenichomea ghala mara mbili, chakula cha mwaka mzima, na waliolala njaa ni mimi na watu wa nyumba yangu.

Kwa hiyo alipokuja bwana wa wanyama, nilimsikiliza.

Ilikuwa miaka ile gesi imeonekana baharini, kila siku gari jipya na kofia mpya. Watu walikuwa wamejifunza jambo moja tu: kampuni ikipita penye mti wako, mti unalipwa. Basi pakisikika tu kwamba barabara itapita mahali, kesho yake pameota minazi. Nimeona mnazi umepandwa mlangoni mwa choo.

Bwana huyo alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa kusini aliyeletwa na serikali. Alisema Kireno, mwalimu wa shikola akatutafsiria. Nyati wataletwa na malori, wafunguliwe bondeni. Watakula nyasi, na moto ukija utakosa cha kula. Ila wanataka njia ya kwenda majini, na njia hiyo inapita chini ya machamba yangu ya mpunga.

Mzee mmoja akauliza, "Na mgawo? Kila nyumba nyati mmoja, au tunachangia?"

Watu wakacheka, lakini niliona wengine wanasubiri jibu.

"Hawaliwi," mwalimu akatafsiri.

"Sasa mnawaleta wa nini?"

Nikasimama. "Waleteni. Ukanda wa chini siupandi tena."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akainuka nyuma yangu. "Machamba ya kaka yangu unawagawia ng'ombe wa porini?"

"Kaka yako alilala njaa na mimi ghala lilipoungua. Wewe ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Nakula."

Watu walicheka mpaka nami nikacheka. Lakini neno langu lilikuwa limeshatoka.

Mvua ziliponyesha nilipanda juu, chini nikaacha. Asubuhi moja nakuta ukandani mstari wa miche ya minazi, imezungushiwa miba vizuri kabisa. Mkono wa kazi ile niliujua. Nikaenda moja kwa moja kwa wifi, nikamkuta juu ya mbuzi anakuna nazi.

"Wifi, minazi ile ya nani?"

"Ya kaka yangu."

"Amefufuka kuja kupanda?"

"Usinichekeshe. Nyati wana wakubwa wao. Wakipita, watalipa."

"Hawa hawalipi. Na ukiwazibia njia kwa miba, watapita kwenye ghala langu."

"Basi ng'oa, kama kiuno unacho."

Kiuno ninacho. Niling'oa miche yote na udongo wake, nikaibeba kwa kikapu, nikaipanda uani kwake huku yeye amesimama mlangoni ananitukana. "Mchawi wewe! Kaka yangu alioa balaa!"

"Imwagilie," nikamwambia, nikanawa mikono kwa maji ya mtungi wake.

Nyati waliletwa wakati wa baridi, mpunga umeshavunwa, uko ghalani. Mlango wa lori ulifunguliwa, wakasimama tu, wanapumua. Yule mzee wa mgawo alikuja na kisu kiunoni, hata hivyo. Niliogopa, sisemi uongo. Nyati si mbuzi. Nilipanda kwenye dungu langu, ule ulingo wa kulindia ndege, nikangoja. Siku ya pili asubuhi wakatoka nyasini mmoja nyuma ya mwingine, wakashuka kwa ukanda wangu mpaka majini, wakanywa, wakarudi. Ghala hawakuliangalia.

Wakazoea. Baridi ilipokwisha, nyasi za pande zote mbili za njia zilikuwa zimelala kama mkeka. Yangeyange, wale ndege weupe, walitembea nyuma yao wakiokota wadudu. Nguruwe alikosa nyumba, akahama.

Kiangazi kikali, mtu alichoma moto akiwatafuta ndezi, wale panya wakubwa wa kuliwa, kama wanavyofanya kila mwaka. Nilikuwa ghalani nilipousikia. Moto wa nyasi ndefu una sauti, mtu wa bondeni anaijua. Nikakata tawi bichi, nikasimama mbele ya ghala langu. Sikukimbia, ningekimbilia wapi na chakula kiko pale? Moto ukaja mrefu, ukafika palipoliwa, ukashuka. Ukatambaa, ukalamba mavi makavu ya nyati, ukawa moshi. Uliobaki niliupiga kwa tawi mwenyewe. Daktari alikuwa amesema kweli.

Wifi akatokea anahema, ndoo mkononi, maji yote yameshamwagika njiani.

"Umezimika?"

"Umekosa chakula."

Akalitazama ghala, akatazama ukanda. "Haya. Nipe pishi ya mpunga, basi. Nimechoka kukimbia bure."

Nikampa.

Minazi ile ya uani kwake sasa inazaa. Akiangua, huniletea nazi mwenyewe, na huanza kusema akiwa bado njiani, ili majirani wasikie: "Mchungaji wa nyati, njoo uchukue fidia yako!"

Nachukua. Simshukuru sana. Aliyeipanda nani?