Siku Umeme Haukukatika

Zaina alifundisha jiolojia pamoja nami hapa Kisangani, na kwa miaka alihangaika na jiwe moja la rangi ya waridi lililotoka Bafwasende. Kilichomo ndani alishakijua: silika, manganizi na chokaa kidogo, ila kwa kipimo ambacho hakuna kitabu chetu kilichokitaja. Ilibaki kujua chembe zake zimepangwa vipi, na hilo lilitaka picha ya eksirei ya kutwa nzima bila umeme kukatika. Kisangani hii! Kila mara ulikatika, kila mara akaanza upya, hadi hasira yenyewe ikachoka.

Halafu siku moja umeme ukakaa tangu alfajiri. Waziri alikuwa anakuja kutoka Kinshasa, na chama tawala hakikutaka vipaza sauti vya mapokezi vinyamaze. Maabara ikafungwa kwa kufuli, na walimu wote tukapelekwa kucheza kando ya barabara ya uwanja wa ndege wa Bangboka, na vitenge vya chama mwilini.

Jua la saa nane, katikati ya wimbo, Zaina akaniinamia kuuliza habari za umeme.

“Courant iko?”

“Iko, mama. Si unasikia muziki?”

Akafumba macho, akaendelea kucheza, maana mtu wa chama alikuwa anatutazama.